Usiku Mmoja wa Intigrali: Hotuba kwa Watahiniwa wa Kidato cha Sita

Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, matroni na patroni mliotuachia bwalo hili kwa jioni nzima, na ninyi wanangu watahiniwa wa kidato cha sita, asanteni kwa kunipokea.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na karatasi ya BAM, yaani Basic Applied Mathematics, ile hisabati tumizi ya msingi, itafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Tumebakiwa na saa kumi na tatu na nusu, na humo ndani mnatakiwa kula, kulala, kuoga na kuvaa sare. Nimeambiwa na walimu wenu kwamba katika mada zote, inayowatia hofu wengi ni intigresheni, na kwamba wapo miongoni mwenu ambao hawajaifungua tena tangu siku ilipofundishwa. Sikuja kuwakemea kwa hilo, kwa sababu naijua njia iliyowafikisha hapa. Daraja lenu linahesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi; mwanafunzi wa PCB ana majaribio ya maabara, wa CBG ana ramani na picha za jiografia, wa HGE ana insha za historia, na BAM, kwa kuwa ni somo dogo, husogezwa wiki hadi wiki mpaka inabaki jioni moja. Kusogeza huko kuna gharama, maana zipo kozi za chuo kikuu zinazotazama ufaulu wa BAM kabla ya kumpokea mwombaji, lakini hayo ni mazungumzo ya kidato cha tano. Jioni hii nataka tuulizane jambo moja: mtu aliyebakiwa na saa tatu na nusu za kusoma kabla ya kulala anaweza kujifunza nini kuhusu intigrali, akakielewa hasa, kisimponyoke mlangoni mwa chumba cha mtihani?

Jibu langu, baada ya miaka 26 ya kufundisha hisabati, ni kwamba anaweza kujifunza mengi kuliko anavyodhani, kwa sharti kwamba ajifunze kwanza namna ya kulihakiki jibu lake mwenyewe. Intigrali ina hisani ambayo mada nyingi hazina: jibu lake linaweza kurudishwa kinyumenyume hadi kwenye swali, na mwanafunzi akajua kabla ya msahihishaji kama amepata au amekosa. Atakayetoka bwaloni humu na hisani hiyo mkononi atakuwa na mwalimu wa kukaa naye dawatini kesho, hata kama kanuni nyingine zitamtoka kichwani. Nitazungumza nanyi kwa Kiswahili ingawa karatasi ni ya Kiingereza, kwa sababu nimeona mara nyingi mwanafunzi akiyabeba maneno ya darasani kama mzigo uliofungwa kwa kamba, asijue ndani mna nini. Tuufungue mzigo leo, kesho mtaubeba mkijua mnabeba nini.

Chukulieni shamba la mpunga lililo kando ya mto. Pande zake tatu zimenyooka, lakini upande wa nne unafuata maji, na maji hupinda yapendavyo. Mnunuzi anataka kujua ukubwa wake. Marehemu baba yangu, ambaye aliishia darasa la nne, alikuwa akiitwa kupima mashamba ya namna hiyo. Alitandaza kamba kwenye ule upande ulionyooka mkabala na mto, akachomeka kijiti kila baada ya hatua tano, kisha kutoka kila kijiti akatembea moja kwa moja hadi ukingoni mwa maji akihesabu hatua. Kila kipande kati ya vijiti viwili alikichukua kama mstatili wenye upana wa hatua tano na urefu wa zile hatua alizozihesabu, akazidisha, akajumlisha vyote. Mahali ambapo mto ulipinda sana alivisogeza vijiti vikakaribiana, hatua mbili mbili, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba kipande kipana hudanganya zaidi ya kipande chembamba. Nilimshikia kamba mara nyingi nikiwa mtoto. Miaka mingi baadaye, nikiwa darasani, ndipo nilipotambua kwamba kazi ile ilikuwa intigresheni.

Sasa lileteni shamba hilo ubaoni. Mto ni grafu ya y = x², kamba ni mhimili wa x, na shamba linaanzia pale x inapokuwa 0 hadi pale inapokuwa 3. Kateni vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na upana wa 1. Mkichukua urefu wa ukingo wa kulia wa kila kipande mtapata 1, 4 na 9, jumla 14. Hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa kila mstatili umetokeza juu ya grafu. Mkichukua urefu wa ukingo wa kushoto mtapata 0, 1 na 4, jumla 5, nayo ni ndogo mno. Eneo la kweli limebanwa kati ya 5 na 14. Kateni vipande sita vyenye upana wa 0.5, na eneo litabanwa kati ya 6.875 na 11.375. Kateni vipande 30 vyenye upana wa 0.1, na litabanwa kati ya 8.555 na 9.455. Nawaomba mziandike namba hizo madaftarini, mzitazame zikiwa zimepangana. Kuta mbili zinasogeleana kila mnapokata vipande vyembamba zaidi, na kilichobanwa katikati hakina pa kwenda isipokuwa kwenye 9.

Alama ∫ inayowatisha iliandikwa na Gottfried Wilhelm Leibniz tarehe 29 Oktoba 1675, nayo ni herufi S iliyovutwa ikarefuka, herufi ya kwanza ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Ile dx inayoandikwa mwishoni ni upana wa kipande, ni zile hatua za baba yangu zikiwa zimepunguzwa hadi kukaribia sifuri. Kwa hiyo mkikutana kesho na ∫x² dx kuanzia 0 hadi 3, isomeni kimoyomoyo hivi: jumlisha vipande vyote vyenye urefu wa x² na upana mdogo mno, kuanzia 0 hadi 3. Mwanafunzi anayesoma hivyo hasahau kuandika dx, kwa kuwa anajua kwamba mstatili usio na upana hauna eneo.

Watu walikuwa wakijumlisha vipande zamani sana kabla ya Leibniz. Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipata eneo linalokatwa na mstari mnyoofu kwenye parabola, akathibitisha kwamba ni mara moja na theluthi ya pembetatu anayoichora ndani yake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo takriban miaka 1000 iliyopita, alitaka ujazo wa umbo linalotokea parabola inapozungushwa, na ili aupate ilimbidi kwanza atafute jumla ya namba mfululizo zilizopandishwa hadi kipeo cha nne. Kila umbo jipya lilidai ujanja wake mpya. Nawatajia hao ili mwone ukubwa wa kitu mlichorithi: kazi iliyowamaliza nguvu mabingwa hao ninyi mnaifanya kwa mistari miwili, kwa sababu ya kile kilichodhihirika katika karne ya 17, kwamba kujumlisha eneo na kutafuta mteremko ni kazi moja inayofanywa kwa kwenda na kwa kurudi.

Hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote, maana asiyeelewa hapa atalazimika kukariri yote yanayofuata. Fikirieni pazia linalovutwa kutoka kushoto kwenda kulia juu ya shamba letu. Pazia likifika mahali fulani, x, linakuwa limefunika eneo fulani, tuliite A. Sasa livuteni kidogo mno, kwa upana wa dx. Eneo lililofunikwa limeongezeka kwa ukanda mmoja mwembamba, ambao urefu wake ni urefu wa grafu mahali pale, yaani x², na upana wake ni dx. Basi nyongeza ya eneo ni x² mara dx. Gawanyeni nyongeza hiyo kwa dx, mtapata kasi ambayo eneo linakua nayo kadiri pazia linavyovutwa, na kasi hiyo ni x². Na kasi ya kukua ni nini, wanangu, kama si ule mteremko mnaoutafuta kwenye difarensiesheni? Maana yake A ni kitu ambacho mteremko wake ni x². Hatuhitaji tena kukata vipande 30 wala 3,000. Tunahitaji kujiuliza: ni kitu gani ambacho nikikitafutia mteremko nitapata x²?

Mnajua kwamba x³ hutoa 3x². Hiyo ni mara tatu ya tunachokitaka, kwa hiyo tunaigawanya kwa 3, na x³/3 inatoa x² kamili. Wekeni 3 mahali pa x mpate 27/3, yaani 9, wekeni 0 mpate 0, toeni. Ni tisa, ile ile iliyokuwa imebanwa kati ya kuta mbili.

Kanuni mliyoandikiwa ubaoni, ya kuongeza moja kwenye kipeo kisha kugawanya kwa kipeo kipya, imetoka hapo na haina siri nyingine. Difarensiesheni hushusha kipeo kwa moja na kuzidisha. Sisi tunarudi, kwa hiyo tunapandisha kwa moja na kugawanya. Ikimjia mtu shaka kama ni kupandisha kwanza au kugawanya kwanza, asitafute kwenye kumbukumbu. Achukue x², ajaribu, arudi nyuma, aone. Kuna mahali pamoja tu kanuni hii inapokwama, nako ni kwenye 1/x, kwa kuwa kipeo chake ni −1, na ukiongeza moja unapata sifuri, nayo sifuri haigawanyi kitu. Hapo mnajiuliza swali lile lile: ni kitu gani ambacho mteremko wake ni 1/x? Ni logaridhi asilia, ln x, na mkumbuke kuiwekea x alama ya thamani halisi, ile mistari miwili ya wima, kwa kuwa x yaweza kuwa hasi.

Kuhusu ile C ambayo kila mwaka huwapotezea watoto alama moja hapa na moja pale, nawapa mfano wa basi. Basi limekwenda kwa mwendokasi wa kilomita 80 kwa saa kwa muda wa saa mbili. Najua limekwenda kilomita 160. Je, najua liko wapi? Sijui, mpaka niambiwe lilianzia wapi. Lililoondoka Chalinze na lililoondoka Dar es Salaam yana mwendokasi mmoja lakini hayako mahali pamoja. C ni kituo cha kuanzia. Swali lisipotaja mipaka, kituo hakijulikani, na lazima muandike C. Swali likitaja mipaka, C hujiondoa yenyewe mnapotoa, kwa kuwa umbali kati ya sehemu mbili hautegemei basi lilianzia wapi. Na swali likiwapa nukta moja ambayo grafu inapita, linawaambia kituo, na linataka mtafute thamani ya C, msiiache ikiwa herufi.

Sasa nije kwenye ule uhakiki niliouahidi, kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wanaokubali kwa kichwa kwamba jibu la intigrali huhakikiwa, na mkono haufanyi. Nataka mkono ufanye. Intigrali ya sin x ni cos x au ni −cos x? Mtu anayetegemea kukariri atasimama hapo dakika nzima akijaribu kukumbuka jedwali lilikuwaje. Anayerudi nyuma anaandika cos x, anaitafutia mteremko, anapata −sin x, anaona alama ya kutoa imezidi, anaweka nyingine kuifuta, na jibu ni −cos x + C. Intigrali ya e²ˣ je? Jaribu e²ˣ, mteremko wake ni 2e²ˣ, imezidi mara mbili, gawanya kwa mbili. Katika mifano yote miwili hatukukumbuka chochote kuhusu intigrali. Tulikisia kwa busara, tukarudi, tukasahihisha. Difarensiesheni wengi wenu mnaijua vizuri, walimu wenu wamenihakikishia, na anayeijua difarensiesheni tayari ana nusu ya intigresheni mfukoni bila kujua.

Njia ya kubadilisha herufi, ambayo mnaiogopa zaidi, nayo ni mwendo huo huo. Tazameni ∫2x(x² + 1)⁴ dx. Ndani ya mabano mna x² + 1, na mteremko wa x² + 1 ni 2x, na 2x hiyo imesimama nje ya mabano ikisubiri. Mkiona kitu ndani na mteremko wake nje, kiiteni kilicho ndani u. Hapo du inakuwa 2x dx, na swali zima linajikunja likawa ∫u⁴ du, ambalo jibu lake ni u⁵/5, yaani (x² + 1)⁵/5 + C. Rudini nyuma: kipeo tano kinashuka na kuikata ile tano ya chini, mabano yanabaki na kipeo cha nne, na mteremko wa ndani, 2x, unatoka nje. Ni swali lenyewe. Kama nje kungekuwa na x peke yake bila ile 2, kazi ingekuwa ile ile na jibu lingegawanywa tena kwa mbili. Kama nje kusingekuwa na x yoyote, njia hii isingefaa, na ingewabidi kufungua mabano kwa subira. Fanyeni maswali matatu ya aina hii usiku huu, kila moja mkilirudisha nyuma hadi mwanzo, na msifanye zaidi ya hayo. Mbinu ambayo hamjawahi kuigusa mwaka mzima iacheni ilale; usiku huu haitafanya urafiki na mtu.

Niwaeleze jambo lililonipata. Usiku wa kuamkia mtihani wangu wa hisabati tulikuwa wasichana watano tumezunguka chemli moja, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na mmoja alikuwa akisoma kanuni kwa sauti nasi tunaitikia, kama watoto wa chuoni wanaodurusu. Nilizikariri zote. Nililala saa tisa usiku. Asubuhi nilikutana na swali lililotaka eneo lililozingirwa na mstari ulionyooka na mhimili wa x, mstari ambao sehemu yake ilikuwa chini ya mhimili na sehemu nyingine juu. Niliitumia kanuni bila kosa lolote la kukokotoa, nikapata sifuri, nikaandika kwamba eneo ni sifuri, nikaenda kwenye swali lililofuata. Sikuchora. Kichwa kilikuwa kimejaa kanuni, na hakikubakiwa na nafasi ya kuuliza jinsi kitu kinachoonekana kwa macho kinavyoweza kuwa na eneo la sifuri. Jambo hilo liliniuma kwa miaka, na ndilo lililonifanya niwe mwalimu wa aina niliyo leo.

Tufanye mfano wa namna hiyo. Mstari ni y = x − 2, kuanzia 0 hadi 4. Chora. Kati ya 0 na 2 mstari uko chini ya mhimili, kati ya 2 na 4 uko juu, na pande zote mbili kuna pembetatu yenye kitako cha 2 na kimo cha 2, yaani eneo la 2. Jumla ya maeneo ni 4. Lakini intigrali yake kuanzia 0 hadi 4 ni x²/2 − 2x, ambayo kwenye 4 ni 8 − 8 na kwenye 0 ni sifuri. Tofauti ni sifuri. Intigrali haikukosea. Vipande vilivyo chini ya mhimili vina urefu hasi, na jumla yake ikawa −2, ikakutana na 2 ya juu, zikafutana. Ukiulizwa intigrali, jibu ni sifuri. Ukiulizwa eneo, unakata pale mstari unapovuka mhimili, unahesabu kila upande peke yake, unaliondolea la chini alama ya kutoa, unajumlisha. Mchoro wa nusu dakika, hata uliochorwa kwa penseli butu, ndio unaokwambia umeulizwa kipi. Swali lolote la kesho lenye neno eneo, mkono wa kwanza uende kwenye mchoro.

Kuna zawadi moja ningependa mwondoke nayo hata kama isingetokea kwenye mtihani. Tangu mlipoanza kusoma ujazo wa maumbo mmeambiwa kwamba ujazo wa koni ni theluthi ya π mara r² mara kimo, na pengine hakuna aliyewaambia hiyo theluthi imetoka wapi. Chukueni kawa la ukili linalofunikia chakula, lilazeni ubavu, ncha ikiwa kwenye sifuri, kimo chake tukiite h na nusu kipenyo cha mdomo wake r. Likateni visahani vyembamba kuanzia nchani hadi mdomoni. Kisahani kilicho umbali wa x kutoka nchani kina nusu kipenyo cha rx/h, kwa kuwa kawa linapanuka kwa mstari mnyoofu, na eneo la uso wake ni π mara r²x²/h². Jumlisheni visahani vyote kuanzia 0 hadi h. Kilichobaki ndani ya alama ya ∫ ni x² peke yake, na x² hutoa x³/3, yaani h³/3. Ile h² ya chini inakatwa, na inabaki πr²h/3. Ile tatu ya koni ndiyo ile tatu tuliyogawanyia mwanzoni kwenye shamba la kando ya mto. Swali lolote la ujazo unaotokana na kuzungusha grafu kwenye mhimili wa x hufuata mwendo huo: kisahani, uso wake ni πy², unene wake ni dx, jumlisha.

Mtauliza muda uliobaki mwutumieje. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kundi moja la wanafunzi lilisoma maandishi na kuyarudia kuyasoma, na kundi lingine likayasoma kisha likayaandika bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki moja, waliojijaribu bila kutazama ndio walioongoza. Mtihani wenu uko mbali zaidi ya dakika tano. Kurudia kusoma mifano iliyokwisha kufanywa huleta utulivu wa moyo unaoisha mara karatasi inapogeuzwa, kwa kuwa jicho linafuata njia iliyofyekwa na mtu mwingine na kudhani linaijua. Kwa hiyo mfano mmoja usomwe mara moja, daftari lifungwe, ufanywe upya kwenye karatasi tupu, jibu lirudishwe nyuma. Anayekwama afungue, atazame ule mstari mmoja uliomkwamisha, afunge tena, aanze juu. Mwenzako akikuuliza, mweleze mara moja, halafu mwache afanye peke yake, kwa kuwa kesho hamtakaa dawati moja.

Saa nne usiku mlale. Nasema hivi kama mama na kama mwalimu. Kumbukumbu za mchana huimarishwa usingizini, na anayekesha huunyima ubongo saa zile ambazo ungeyashika yale aliyoyasoma jioni. Kahawa inayonywewa saa tatu usiku, kwa wastani, nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa tano baadaye, kwa hiyo wanaoitegemea wanakopa usingizi wa usiku na kulipa asubuhi, saa ile ile ambayo wanahitaji kuona tofauti kati ya alama ya kujumlisha na alama ya kutoa. Kesho alfajiri msifungue mada mpya. Andikeni kwenye kipande cha karatasi, bila kutazama popote, intigrali ya xⁿ, ya 1/x, ya eˣ, ya sin x na ya cos x, mzirudishe zote nyuma, kisha mwende kunywa uji.

Nashukuru tena kwa nafasi hii. Tuanze sasa hivi. Fungeni madaftari na mchukue karatasi tupu. Tafuteni intigrali ya 6x² − 4x + 1 kuanzia 1 hadi 3, na chini ya jibu lenu mwandike mteremko wake, neno kwa neno, mpaka mrudi kwenye swali. Kwenye 3 mtapata 39 na kwenye 1 mtapata 1, kwa hiyo jibu ni 38 na nimekwisha kuwapa. Ninachokuja kukitazama kwenye kila dawati ni ule mstari wa kurudi. Mna dakika sita. Naanzia safu hii ya dirishani.